Dawa ya meno inapandisha pH ya mate ya mtoto. Haya, halafu?

Wapo wanaoinadi dawa ya meno ya watoto kwa hoja moja tu: ni ya alkali, inaondoa uchachu mdomoni, kwa hiyo meno hayatatoboka. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na mzazi anaweza kuyapima mwenyewe nyumbani. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza watu, maana inawafanya wachague dawa kwa kigezo kisichohusika na kuacha kusoma namba ndogo iliyoandikwa nyuma ya tyubu.

Tuanze na kipimo. pH hupima uchachu: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni alkali. Tafuta karatasi za kupimia pH zinazosoma kati ya 5 na 8 hivi, zenye hatua za 0.5 au ndogo zaidi. Zile za 1 hadi 14 ni butu mno kwa kazi hii. Mtoto akae saa moja bila kula wala kunywa, kisha ateme mate kwenye kijiko safi. Karatasi usiitie mdomoni mwake. Chovya papo hapo na usome rangi kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mate yakikaa kijikoni, kaboni dayoksaidi iliyomo hutoka na pH hupanda yenyewe, ukadhani mtoto ana mate mazuri kuliko alivyo. Mtoto aliyetulia, ambaye hatafuni kitu, mara nyingi atasoma kati ya 6.5 na 7. Sasa apige mswaki, ateme, subirini dakika mbili au tatu, mpime tena. Dawa nyingi zitakupa zaidi ya 7, nyingine 7.5 au zaidi. Rudia baada ya nusu saa, kisha baada ya saa moja, na utaiona ile namba ikirudi taratibu ilikotoka. Dawa yenye rangi kali inaweza kuichafua karatasi ukasoma upuuzi, kwa hiyo jaribu na nyeupe.

Kupanda huko kuna sababu mbili. Ya kwanza ni dawa yenyewe: nyingi zina chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, nyingine zina magadi soda, na vyote viwili huzima asidi. Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni mate. Mswaki ukisugua na ladha ya mnanaa ikiuamsha ulimi, tezi za mate humwaga mate mengi, na mate yanayotoka kwa kasi hubeba bikaboneti nyingi kuliko yanayodondoka mtoto akiwa ametulia. Hata kutafuna karanga kutafanya hivyo. Kwa hiyo ukisikia dawa fulani "inapandisha pH ya mate", jua kwamba mswaki mtupu nao ungeipandisha kiasi.

Jino lenyewe haliozi ndani ya mate. Linaozea chini ya ukoga, ule utando laini wa bakteria ulioganda kandokando ya ufizi na kwenye mifereji ya magego. Bakteria hao, Streptococcus mutans wakiwemo, wakipata sukari huitafuna na kutoa asidi pale pale walipojibandika. Mate yanayopita juu yanaweza kuwa na pH 7 huku chini ya ukoga, kwenye jino, ikiwa 5 au chini yake. Na kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kutoka 7 kushuka hadi 5 maana yake asidi imeongezeka mara mia. Mpaka wa hatari kwa enameli, ganda gumu la nje ya jino, ni kama 5.5. Chini ya hapo madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye jino. Juu ya hapo hurudi.

Miaka ya 1940, mtafiti Robert Stephan wa Marekani aliwapa watu wasukutue kwa maji ya glukosi na akapima pH ndani ya ukoga wenyewe, si kwenye mate. Ilianguka ndani ya dakika chache tu, ikakaa chini, kisha ikachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi. Mchoro wake bado unafundishwa vyuoni, na ungestahili kubandikwa pia kwenye mlango wa kabati la biskuti. Chukua mtoto wa miaka minne: uji wenye sukari saa 1 asubuhi, chai na andazi saa 4, juisi ya pakiti saa 7 mchana, pipi ya kijiti saa 9, ubuyu saa 11, chai tena saa 2 usiku. Hizo ni mara sita. Kila moja ikiushikilia ukoga chini ya mpaka kwa nusu saa, jino limeshinda saa tatu likipoteza madini. Pipi ya kijiti ni mbaya zaidi kwa sababu hainyonywi kwa dakika tano; inaingia na kutoka mdomoni saa nzima, na mstari wa Stephan haupati nafasi ya kupanda. Sukari ile ile ikitolewa pamoja na mlo, mara tatu kwa siku, madhara yake hupungua sana hata kama jumla ya vijiko haikubadilika.

Ubuyu na juisi ya ukwaju vina la ziada: vyenyewe ni vichachu, vina asidi tayari kabla bakteria hawajaamka. Soda pia, tena hata ile isiyo na sukari. Mtoto akishavinywa, mpe maji, na subiri nusu saa hivi kabla ya mswaki, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na asidi hukwaruzika kirahisi.

Kwa hiyo dawa ya meno inafanya nini?

Inafanya kazi kubwa, ila si kwa pH yake. Kinachofanya kazi ni floraidi. Jino linapopoteza na kurudishiwa madini, floraidi iliyopo kwenye mate na ukoga huingia katika yale yanayorudi, na madini mapya yanakuwa magumu kuyeyuka kuliko ya mwanzo: badala ya kuanza kuachia kwenye 5.5, sehemu hiyo huvumilia hadi karibu 4.5. Nyingine hutulia juu ya jino kama chembe za kalsiamu floraidi, zinazoyeyuka asidi inapokuja, yaani zinajiachia wakati ule ule zinapohitajika. Tena floraidi ikiingia ndani ya bakteria huvuruga kimeng'enya kimoja wanachokihitaji ili kuitafuna sukari, wakatoa asidi kidogo.

Ushahidi kwamba pH ya dawa siyo habari uko kliniki. Kuna jeli ya floraidi ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka mingi, yenye pH kati ya 3 na 4, kali kama juisi ya matunda, na inazuia meno kuoza vizuri tu; haipewi watoto wadogo kwa sababu watameza. Dawa za kawaida zenye floraidi ya stanasi (Stannous Fluoride) nazo nyingi ziko upande wa asidi kidogo, na zinalinda. Upande wa pili kuna dawa za magadi soda zisizo na floraidi, pH 8 hadi 9, zinazosafisha na kuacha mdomo mtamu, lakini asidi ya saa 4 asubuhi itakapokuja hazitakuwapo tena. Mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio mengi ya watoto, yalikuta dawa yenye floraidi inapunguza kuoza kwa meno ya ukubwani kwa wastani wa asilimia 24 ikilinganishwa na isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Magadi soda hayakuingia kwa kazi hiyo.

Aina moja inaihusu pH kweli kweli: dawa zilizoongezwa arijinini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Baadhi ya bakteria wapole wa mdomoni huila na kutoa amonia, ambayo huzima asidi ndani ya ukoga wenyewe, mahali panapohusika. Hata hizo, zinazouzwa kwa kuzuia meno kutoboka, huwa na floraidi pia. Zailitoli (xylitol), utamu ambao mutans hawawezi kuutafuna, ni nyongeza nzuri. Haitoshi peke yake. Dawa za mkaa mpe mtu mwingine. Zinakwaruza, nyingi hazina floraidi, na meno ya utotoni yana enameli nyembamba, karibu nusu ya ile ya mtu mzima.

Soma nyuma ya tyubu

Unatafuta namba moja: ppm ya floraidi, yaani sehemu ngapi kwa kila milioni ya dawa. Iwe 1000 au zaidi, hadi 1500. Dawa nyingi za watoto zenye picha za wanyama zina 500, na ushahidi wa kwamba 500 inazuia chochote ni hafifu. Nyingine hazina kabisa. Kama tyubu haikuandika ppm, itakuwa imeandika asilimia. Ukiona "Sodium Fluoride", zidisha asilimia yake kwa 4,500: 0.22 inakupa karibu 1000, na 0.32 karibu 1450. Ukiona "Sodium Monofluorophosphate", zidisha kwa 1,320: 0.76 ni karibu 1000, na 1.1 ni karibu 1450. Usipoona mojawapo ya maneno hayo, wala "Stannous Fluoride" au jina jingine lenye "Fluoride", umeshika sabuni ya mdomo. Rudisha dukani.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Chokaa na sodiamu floraidi havikai pamoja: kalsiamu huikamata floraidi ndani ya tyubu, ikabaki imefungwa na haina kazi tena. Ndiyo maana dawa za chokaa, ambazo ndizo za bei nafuu, hutumia monofluorofosfeti, inayoachia floraidi yake ikishafika mdomoni. Lakini nayo huvunjika polepole ndani ya tyubu, na joto huharakisha, na kila kinachovunjika kinakamatwa na chokaa. Tyubu iliyoanikwa juani kwenye meza ya mchuuzi kuanzia asubuhi hadi jioni, tena imebakiza miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, inaweza kuwa na 1450 kwenye karatasi na pungufu sana mdomoni. Nunua ndani ya duka, yenye tarehe ya mbali, na nyumbani iweke kivulini. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya silika, unga wa kusugulia usio na kalsiamu, yenye sodiamu floraidi. Hiyo haina ugomvi huo.

Kiasi, na kwa nini ni kidogo hivyo

Kuanzia jino la kwanza, kwenye miezi sita hivi, hadi miaka 3: kiasi cha punje ya mchele, alama tu iliyopakwa ncha ya mswaki. Miaka 3 hadi 6: kiasi cha punje ya njegere. Ule mstari mrefu wenye wimbi unaouona kwenye matangazo ni wa kuuzia dawa.

Hesabu yake ni hii. Gramu moja ya dawa ya 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi. Punje ya mchele ni kama gramu 0.1, yaani miligramu 0.1. Njegere ni kama 0.25. Mtoto wa miaka miwili hajui kutema. Chukulia anameza yote. Mara mbili kwa siku inakuwa miligramu 0.2, na hilo mwili unalivumilia. Ukimjazia mswaki gramu moja kila safari, anameza miligramu 2 kwa siku, na meno ya ukubwani yanayojengeka ndani ya taya wakati huo yanaweza kuota yakiwa na mabaka. Meno ya mbele ya juu yako hatarini zaidi kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu.

Sumu ya ghafla ni jambo jingine. Kiwango cha kukimbilia hospitali ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 atakifikia kwa gramu 50 za dawa ya 1000 ppm, au gramu 35 hivi za 1450, ambayo ni chini ya nusu ya tyubu kubwa. Dawa tamu ya stroberi inalika, kwa hiyo ikae juu. Akila nyingi, mpe maziwa, kwa kuwa kalsiamu huifunga floraidi tumboni, na mpeleke hospitali na tyubu mkononi.

Na maji ya kisima? Wanaoishi Arusha na miteremko ya Meru, au Nakuru na Naivasha, wanajua meno ya kahawia yanatokana na maji ya Bonde la Ufa, na wengine huogopa dawa yenye floraidi kabisa. Hofu inaeleweka, ila piga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye miligramu 3 kwa lita kinampa mtoto anayekunywa lita moja miligramu 3 kwa siku. Punje mbili za mchele za dawa zinampa 0.2. Shughulikia maji kwanza: ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa kama ule uliofanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Kuchemsha hakusaidii, kunaongeza, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Angalia pia magadi ya kulainishia maharage na makande, baadhi yana floraidi nyingi. Dawa baki na 1000, punje ya mchele, na mtu mzima ashike mswaki. Meno yenye mabaka nayo huoza.

Mswaki wa usiku

Ukilazimika kuchagua safari moja kati ya mbili, chagua ya usiku. Usingizini tezi za mate karibu zinafunga duka, na kilichobaki mdomoni hakina wa kukiosha wala kukizima. Baada ya mswaki huo hakuna maziwa ya chupa, hakuna uji, hakuna dawa ya kifua. Maji tu.

Mkalishe mtoto mapajani akitazama mbele, kichwa chake kikiegemea kifua chako, uso juu kidogo. Kwa mkono mmoja inua mdomo wa juu. Mswaki uwe na kichwa kidogo na nywele laini, uulaze nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, uzungushe vijizungu vidogo. Anza nyuma, kwenye magego, kwa sababu uvumilivu wake utaisha kabla hujamaliza na wengi huishia mbele panapoonekana. Dakika mbili zinatosha. Endelea kumshikia mswaki hadi miaka 7 au 8. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utotoni.

Halafu ateme, asisukutue. Hapa ndipo tabia yetu ya kikombe cha maji na "suuza vizuri" inapotupotezea dawa. Maji yanaondoa sehemu kubwa ya floraidi tuliyokwisha kuilipia. Povu likimkera, afute midomo kwa kitambaa. Mtoto mwenye pumu anayetumia pampu anapaswa kusukutua baada ya pampu, basi pampu itangulie, asukutue, mswaki uje mwisho. Vivyo hivyo dawa za maji: nyingi zimetiwa sukari, na mtoto wa siko seli au kifafa anaweza kuzinywa kwa miaka. Mwombe mfamasia isiyo na sukari au vidonge vya kusagwa. Ikishindikana, mpe dawa hiyo pamoja na mlo.

Inua mdomo utazame

Mara moja kwa mwezi, mchana, dirishani. Inua mdomo wa juu, futa meno manne ya mbele kwa kitambaa safi hadi yakauke, na tazama yanapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, usiong'aa, unaofuata ufizi, hapo asidi imeshaanza kutoa madini. Jino likiwa na mate mstari huo unaweza usionekane, kwa hiyo kukausha si mbwembwe. Ya chini mbele kwa kawaida ni salama, kwa kuwa ulimi huyafunika na tezi za chini huyamwagia mate muda wote. Yakiwa nayo yameoza, tatizo ni kubwa.

Mstari mweupe unarudishika. Dawa ya 1000 ppm au zaidi mara mbili kwa siku, mara za kula sukari zipunguzwe, na kliniki inaweza kupaka vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5, yenye 22,600 ppm, tone dogo linalokauka juu ya jino. Ukigeuka kahawia na kuwa laini, tayari ni tundu, na dawa ya meno haizibi tundu hata iwe na pH gani. Ila si lazima kung'oa. Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, na kuziba kwa simenti maalumu ya meno iitwayo ayonoma ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inatumika duniani. Kwa mtoto asiyekubali hata hilo kuna fedha diamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi: inapakwa kwa brashi ndogo kwa dakika moja, inasimamisha uozo, na inaliacha tundu jeusi tititi. Uliza kabla, uone picha, uamue. Meno ya mbele ya utotoni hung'oka yenyewe kati ya miaka 6 na 8, na weusi huondoka nayo. Magego yatakaa hadi 10 au 12.